Gitaa Lenye Jina la Mtu

Mwenye kupita Juja Road akaingia Huruma, baina ya ghorofa zilizobanana na machinjio ya mbuzi ya Kiamaiko, hawezi kudhani kwamba mahali kama hapo pana habari ya magitaa ya maelfu ya dola. Lakini vijana wa mitaa hiyo wapendao muziki huyajua kwa majina na kwa rangi zake, kama mtoto wa Lamu ajuavyo majahazi.

Asili yake ni hii. Mwaka 1952 kiwanda cha Gibson cha Marekani kilitoa gitaa la umeme la rangi ya dhahabu lililobeba jina la mpigaji Les Paul. Ikawa ada: mpigaji hutoa jina lake, naye hupata fungu kwa kila gitaa liuzwalo. B. B. King, ambaye magitaa yake yote aliyaita Lucille kwa jina la mwanamke aliyegombaniwa na wanaume wawili mpaka ukumbi ukashika moto mwaka 1949, alipata Lucille ya kiwandani mwaka 1980. Huyu ndiye aliyepiga Kinshasa mwaka 1974, katika tamasha lile lile alilopiga Franco. Eric Clapton alifuata mwaka 1988, kwa Stratocaster ya Fender.

Halafu yako yatolewayo kwa idadi maalumu, yakiisha yameisha. Clapton alikuwa na gitaa jeusi, Blackie, lililoungwa kwa vipande vya Stratocaster tatu. Lilinadiwa mwaka 2004 kwa dola 959,500, fedha zikaenda kwenye kituo alichokianzisha cha kutibu waliozama katika ulevi na madawa. Mwaka 2006 Fender ikatoa nakala 275 tu, zilizoigwa mpaka mikwaruzo na alama za kuungua kwa sigara. Tazama mambo ya dunia: mtu analipa mali nyingi kununua uchakavu wa mwenzake! Kwetu uchakavu ni bure.

Katika bendi zetu, aghalabu gitaa halikuwa hata la mpigaji. Lilikuwa la mwenye vyombo, akiwa tajiri au chama. NUTA Jazz ya Dar es Salaam, mathalan, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mpigaji akihama aliliacha gitaa, akaondoka na vidole vyake. Basi jina lake lingeandikwa juu ya nini?

Mfikirie marehemu Fundi Konde, mwana wa Pwani aliyezaliwa mwaka 1924. Alikwenda Burma na kikosi cha burudani cha askari wa KAR wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na hutajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kabisa kupiga gitaa la umeme. Nyimbo zake za zamani zilikusanywa zikatolewa London mwaka 1994 na kampuni ya RetroAfric, miaka sita kabla hajafariki. Jina lake limo kwenye jalada la mkusanyiko huo. Gitaa la dukani lenye jina hilo sijaliona, nami nasema analistahili kuliko wengi waliopewa.

Kijana wa Huruma mwenye vishilingi vyake na ajihadhari, kwani jina kichwani mwa gitaa si ushahidi. Gibson na Fender za bandia zimejaa duniani. Kampuni hizo zina magitaa ya bei nafuu na ya halali, Epiphone kwa Gibson na Squier kwa Fender, na hayo yatosha kabisa kupigia. Kabla ya kutoa fedha, litazame shingo kwa urefu kama seremala atazamavyo ubao, ujue kama limepinda. Lichomeke kwenye spika. Likikwaruza unapozungusha vifundo vya sauti, huenda ni vumbi tu. Lakini ukiona ufa pale kichwa kinapokutana na shingo, mrudishie mwenyewe.