Kuacha Shule Mapema na Hatima ya Lugha

Lugha ya mazungumzo haimtoki mtu kwa kuacha shule. Kijana wa Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, huendelea kukua katika Kimakonde. Mwenzake wa Masasi, chini ya uwanda huo, katika Kimakua au Kiyao. Wote wawili hujifunza Kiswahili cha sokoni. Kinachokatika ni lugha ya maandishi, nayo hukatika ingali changa.

Hatua mbili za kusoma

Hatua ya kwanza ya kusoma ni kutambua herufi na kuziunganisha ziwe silabi. Katika Kiswahili hatua hii ni nyepesi, kwa kuwa maneno huandikwa kama yanavyotamkwa. Hatua ya pili ni ufasaha, yaani kutambua neno zima kwa mara moja. Ufasaha hupatikana kwa mazoezi ya miaka, hasa kwa mtoto aliyekutana na Kiswahili darasani kama lugha ya pili.

Sababu yake imo katika utendaji wa akili. Kumbukumbu ya muda mfupi hubeba mambo machache tu kwa wakati mmoja. Msomaji anayehesabu silabi huimaliza yote katika herufi; afikapo mwisho wa sentensi, mwanzo wake umekwisha kumtoka.

Tuseme mkulima wa korosho aliyeacha shule darasa la tatu anasoma maelezo ya dawa ya ubwiri unga. Maneno "ipuliziwe" na "isipuliziwe" hutofautiana kwa silabi moja tu, lakini moja ni agizo na jingine ni katazo. Silabi hiyo ikimponyoka, afya yake na mavuno yake vimo hatarini.

Upo upungufu mwingine. Maneno kama "makato", "isipokuwa" na "kwa mujibu wa" hukutwa zaidi katika maandishi kuliko katika mazungumzo. Asiyesoma hayazoei, na asiyeyazoea huona kusoma kuwa kazi nzito. Hivyo pengo hupanuka mwaka hadi mwaka.

Njia ya kurudi

Hata hivyo, pengo hilo huzibika, kwani mtu mzima naye huweza kujifunza kusoma. Kampeni ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970 ilithibitisha jambo hilo nchini kote. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Masasi ilikuwa miongoni mwa wilaya za majaribio ya Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa (MEMKWA). Mnamo Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi walioacha masomo, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, kurudi shuleni.

Mwalimu anayempokea mwanafunzi wa namna hiyo asiridhike kumsikia akitamka maneno kwa sauti. Amwulize alichoelewa, kisha ampe maandishi ya kusoma kila siku, kwa maana stadi ya kusoma isiyotumiwa hufifia.