Saa Moja ya Mazoezi Jeddah



Wengi wetu hufungua televisheni siku ya mashindano ya magari tu. Mashabiki wenye ujuzi huanza siku mbili kabla, kwenye mazoezi na mchujo, ambako dereva hulizoea gari na kupata nafasi yake ya kuondokea.

Tuchukue Formula One ya Jeddah, Machi 2024. Kwa kuwa Ramadhani ilikaribia, mashindano yalifanywa Jumamosi badala ya Jumapili. Mazoezi yakaanza Alkhamisi, na mchujo ukawa Ijumaa saa mbili usiku.

Carlos Sainz wa Ferrari aliendesha Alkhamisi, kisha akapatikana na maradhi ya kidole tumbo, akapasuliwa Ijumaa. Mahali pake akaingia Oliver Bearman, Mwingereza wa miaka 18, ambaye hakuwahi kushindana katika Formula One. Alipewa saa moja tu ya mazoezi alasiri ile, kisha mchujo.

Mchujo ulikuwa na duru tatu, na mbili za mwanzo kila moja iliwatoa madereva watano. Bearman alivuka ya kwanza. Ya pili akaikosa kwa sekunde 0.036, akaondokea nafasi ya 11. Jumamosi alimaliza wa 7.

Aliyetazama tangu Ijumaa ndiye aliyejua uzito wa nafasi hiyo. Wazazi, tukishasali, tukae na vijana wetu wanapotazama mazoezi. Humo mna somo la subira na maandalizi.

Wabillahi tawfiq.