Profesa wa ndagala na matete ya Rusizi

Mfanyabiashara anayeshusha magunia ya ndagala wa Kigoma pale soko la Jabe, Bwiza, huenda hajawahi kusikia jina la Gaspard Ntakimazi. Mwalimu huyo wa biolojia katika Chuo Kikuu cha Burundi alitumia miaka mingi kuchunguza ziwa ambamo mzigo huo huanzia.

Kigoma wanamwita dagaa, Bujumbura ni ndagala. Migebuka akivuka huwa mukeke. Jina hubadilika mpakani, samaki ni yuleyule, wala haonyeshi pasipoti.

Kati ya 1991 na 1994, Ntakimazi alifanya utafiti chini ya mradi wa UNESCO kuhusu ukingo wa Tanganyika, pale nchi kavu inapokutana na maji: matete, vinamasi, midomo ya mito. Ndiyo sehemu ambayo wengi huiona kama uchafu wa kufyekwa. Kumbe samaki wengi huzaa au hukulia humo. Lumbu, mmoja wa aina mbili za ndagala, huzaa karibu na ufuo. Matete yakikatwa na udongo wa milimani ukashuka na mvua, hasara hufika sokoni.

Mwaka 2000, yeye na wenzake watatu walitoa ripoti kuhusu viumbe wa delta ya Rusizi, chini ya mradi uliounganisha Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Nchi hizo nne zilitia saini mkataba wa ziwa Juni 2003, Dar es Salaam. Kasoro naiona moja: ripoti ni ya Kifaransa cha wataalamu, na anayenunua ndagala Bwiza anahesabu kwa Kiswahili.

Matete si tatizo pekee. Mwaka huohuo wa 2003, wanasayansi walieleza katika jarida la Nature kwamba joto linazuia maji ya chini, yenye rutuba, kupanda juu. Walikadiria mavuno ya samaki yamepungua kwa takriban asilimia 30.

Sasa serikali zinafunga ziwa kwa muda ili samaki wazaliane. Tanzania ilisimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Anayetegemea mzigo wa Kigoma miezi hiyo aulize tarehe mapema kabla ya kutoa arubuni.