Meza ya jikoni: Usidanganywe na mng'aro

Juu ya meza ya jikoni mama hukata nyama, hukanda unga wa chapati, na jioni watoto huketi hapo hapo kula. Hata hivyo, tunapoinunua kwa fundi seremala, wengi wetu hatuulizi imepakwa nini. Tukiona inang'aa, tunalipa.

Ubao una vitundu vinavyofyonza maji. Usipofunikwa vyema, maji ya nyama mbichi hupenya na viini vikapata maficho. Cha kupaka kinafaa kuzuia maji na kustahimili kuoshwa kwa sabuni kila siku.

Polishi ya spiriti hukauka upesi na kupendeza, lakini haivumilii joto. Weka sufuria moto, nayo itabaki na doa jeupe. Iache kwa kabati la sebuleni.

Vanishi ya polyurethani ndiyo imara zaidi. Paka mara tatu, nyembamba, ukingoja siku moja na kupiga msasa kidogo kabla ya kurudia. Fanyia kazi hiyo nje au fungua madirisha. Hata ikionekana kavu, huchukua wiki kadhaa kukomaa, kwa hivyo itumie kwa uangalifu.

Mafuta ya kitani ni rahisi kurudishia mwenyewe meza inapokwaruzika, ingawa hayazuii maji kama vanishi. Lakini tahadhari! Tambara lililolowa mafuta hayo likikunjwa laweza kuwaka moto lenyewe. Litandaze nje likauke.

Oili chafu ya gari, ambayo wengine hupaka vigingi kuzuia mchwa, isiguse meza kamwe. Ina kemikali zinazoweza kusababisha saratani.

Hatari kubwa imo katika rangi kuukuu, kwani huenda ina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kenya sasa imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni za rangi, lakini meza ya zamani haikupimwa kwa kipimo hicho. Usiipige msasa ikiwa kavu, maana vumbi lake ndilo sumu. Ilowe maji kwanza, watoto wawe mbali, kisha pangusa sakafu kwa tambara bichi.

Mwisho, hakuna vanishi inayoshinda kisu. Katia nyama juu ya kibao chake.