Uyoga wa Malisho Unaochelewa Kujionyesha

Mvua za Septemba zikianza kulowesha vilima vya Lemera, malisho yaliyo juu ya Uwanda wa Ruzizi hujaa uyoga karibu kwa usiku mmoja. Katika nyasi za nchi za joto, mmoja umeumiza matumbo mengi kuliko wenzake. Wataalamu huuita Chlorophyllum molybdites. Ukikomaa, kofia yake hufikia upana wa sentimita 20 na zaidi, na vibamba vya chini yake huwa vya kijani. Ukiwa bado mchanga ni kitufe cheupe chenye magamba ya kahawia, na vibamba vyake ni vyeupe pepe. Kijani huja vijimbegu vikishakomaa, na anayependa uyoga mchanga kwa ulaini wake huwa keshaupika.

Unaotafutwa ni uyoga wa mchwa, Termitomyces, jina ulilopewa na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942. Usiung'oe, chimba kando ya shina. Utaona mzizi mrefu unaoteremka hadi kwenye chumba mchwa wanamoulima, na juu, katikati ya kofia, ncha ya kupasulia udongo. Ule wenye sumu hauna mzizi huo. Shina lake huvimba kidogo chini, na pete yake ikikomaa unaweza kuisogeza kwa vidole.

Hata hivyo, mzizi si kipimo cha kutegemea peke yake. Termitomyces microcarpus, wenye kofia ya sentimita 1 hadi 3 tu, huota kwa mamia pale mchwa walipotoa nje mabaki ya bustani yao, na hauna mzizi mrefu, ingawa ni mtamu.

Mimi huliamini zaidi vumbi la vijimbegu. Kata shina, laza kofia iliyofunguka juu ya karatasi nyeupe, vibamba vikitazama chini, ifunike kwa bakuli, nenda kalale. Asubuhi uyoga wa mchwa utakuwa umeacha vumbi la waridi hafifu, na molybdites vumbi la kijani. Kahawia nayo ni ya kutilia shaka: Inocybe wengi wana muskarini, sumu inayotoa jasho na mate bila kukoma. Lakini waridi haimsafishi mshukiwa, kwa sababu Entoloma, wanaoota majanini na baadhi yao wana sumu, nao hutoa waridi. Vumbi linaweza kukukataza kula, kukuruhusu, haliwezi. Kitufe kisichofunguka hakitoi vumbi lolote, basi kiache hapo hapo.

Kijiko cha fedha kinachodaiwa kugeuka cheusi kikigusa uyoga wenye sumu ni porojo, na kitunguu sufuriani vilevile. Wala usimfuate konokono: yeye hula uyoga unaoweza kumuua mtu.

Aliyekula molybdites hutapika na kuharisha baada ya saa 1 hadi 3. Mara nyingi hupona akirudishiwa maji mwilini, ila kwa mtoto hilo ni jambo la haraka. Mbaya zaidi ni maumivu yanayochelewa saa 6 au zaidi. Baadhi ya Lepiota wadogo wana amatoksini, sumu ya ini, na mgonjwa huweza kuonekana amepata nafuu siku ya pili huku ini likiendelea kuharibika. Huyo apelekwe hospitali hata akisema hana neno, pamoja na mabaki ya uyoga alioula.