Gari Moshi la Zamani ni Amana ya Wafanyakazi

Katika nchi nyingi za viwanda wapo watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, ambao siku ya mapumziko huvaa nguo kuukuu wakaenda kusugua kutu katika injini ya gari moshi iliyokwisha kustaafu. Hawalipwi ujira, na mara nyingi hutoa fedha zao mfukoni kununulia rangi, shaba na makaa ya mawe. Wengine wamejaza vyumba vyao reli nyembamba na treni za mfano ambazo injini yake hutosha kiganjani. Ni rahisi kuwacheka watu hao na kusema kuwa shibe imewapa mchezo. Hata hivyo, mwenye kulitazama jambo lao kwa insafu ataona kuwa ndani yake limo funzo kubwa, na funzo hilo linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko tunavyodhani.

Harakati hizi zina asili yake. Katika nchi ya Wales ilikuwapo reli ndogo iitwayo Talyllyn, iliyojengwa katika miaka ya 1860 kwa ajili ya kuchukua mawe ya kuezekea kutoka machimboni. Mwaka 1950 mwenye reli alifariki dunia, na kila mtu alitazamia kuwa njia ile itang'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu. Hapo mwandishi mmoja, Tom Rolt, aliwaita watu mkutanoni katika mji wa Birmingham, wakaunda chama, na mwaka 1951 wakaanza kuiendesha reli ile kwa nguvu zao wenyewe. Hiyo ndiyo reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea. Karani aliacha kalamu akabeba mataruma, na mwalimu akajifunza kuchochea moto. Sisi tuliofunzwa maana ya kujitegemea hatuna budi kulitambua jambo hili tunapoliona, hata kama limetendwa mbali na kwetu.

Mfano wa pili unaonyesha hatari iliyopo. Shirika la Reli la Uingereza lilikoma kutumia injini za mvuke katika njia zake kuu mwezi Agosti, 1968. Miongoni mwa injini zilizokatwakatwa zilikuwamo 49 za aina moja iliyosifika, wala haikubaki hata moja. Miaka ya 1990 wapenzi wa reli waliazimia kuiunda upya injini moja ya aina hiyo tangu msumari wa kwanza. Walichanga fedha kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, hata zikafikia kiasi cha pauni milioni tatu, na mwaka 2008 injini hiyo, iliyopewa jina la Tornado, ikatembea. Lakini boila yake haikutengenezwa Uingereza, nchi ambayo gari moshi lilizaliwa. Ilibidi ikatengenezwe Ujerumani, katika karakana ya Meiningen, kwa kuwa huko mafundi walikuwa hawajaiacha kazi hiyo. Basi tuzingatie: taifa lililoufundisha ulimwengu kazi lilipotaka kuirudia kazi hiyo, lilikuta mikono iliyoijua imekwisha kutoweka.

Hata wale wa treni za mfano wasidharauliwe. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilianza kuuza treni za kuchezea zenye reli za vipimo maalumu mwaka 1891, na Frank Hornby wa Liverpool akamfuata mwaka 1920. Leo kipimo kinachopendwa zaidi ni kile cha moja kwa 87. Yaani kitu chenye urefu wa mita 87 hufanywa mita moja. Mtu anayetaka kuunda injini kwa kipimo hicho hana budi kujua kila bomba lilipita wapi na kila ngazi ilikuwa na vidato vingapi. Huzitafuta picha na michoro ambayo wengine wameitupa. Kwa njia hiyo mchezo wake huwa daftari la kumbukumbu.

Sasa tugeuke nyumbani. Mnamo miaka ya 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kililiundia Shirika la Reli la Afrika Mashariki injini 34 za aina ya Garratt, zilizojulikana kama kundi la 59. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, na magurudumu 28, ambayo 16 kati yake ndiyo yaliyosukuma. Boila moja kubwa ilikaa katikati, na mbele na nyuma yake palikuwa na seti mbili za magurudumu, kila seti ikijipinda peke yake penye kona, kama mnyama mwenye viungo viwili. Kwa ufundi huo uzito wote uligawanyika juu ya reli yetu ya upana wa mita moja, na injini moja iliweza kuvuta tani 1,200 kutoka pwani ya Mombasa mpaka Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hazikupata kuwapo injini za mvuke zenye nguvu kuliko hizo katika reli za upana huo popote duniani. Wapenzi wa reli wa Ulaya wanalijua jambo hili kwa moyo. Vijana wetu wangapi wanalijua?

Injini hizo zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Dizeli zilipoingia, nazo zikaondolewa kazini, hata kufikia mwaka 1980 zikawa zimekwisha, na karibu zote zikaishia kuwa chuma chakavu. Zilizobaki ni mbili, katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971: moja ni Mlima Gelai na nyingine ni Mlima Shengena. Hapo hapo ipo injini ya kundi jingine iitwayo Nyaturu. Msomaji wa Longido, wa Same na wa Singida ataona mara moja kuwa majina yote hayo matatu ni ya Tanzania. Majirani zetu wametutunzia yaliyo yetu, na wanastahili shukrani.

Lakini majina hayo yana upungufu mkubwa. Kundi moja lilipewa majina ya milima, jingine majina ya makabila, na jingine majina ya magavana wa kikoloni. Katika makundi hayo halikuwapo jina la dereva, wala la fundi, wala la mchochea moto. Reli ya kutoka Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901, ilijengwa na vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi pamoja na Waafrika wa nchi hii, na Wahindi karibu 2,500 walipoteza maisha yao. Anayeipenda injini kwa sababu ya king'ora chake na moshi wake, akamsahau aliyetandika njia yake, ameshika ganda akaacha kiini.

Tena ujuzi wa kazi ile haukukaa katika chuma. Dereva wa injini ya mvuke alijua kuwa treni inapopanda mlima na kisha kuteremka, maji ndani ya boila huhama, na kioo cha kupimia maji chaweza kumdanganya mzembe. Maji yakipungua juu ya tanuri, bamba lake huungua, na boila huweza kupasuka ikaua watu. Kuyajua haya kulihitaji macho, masikio na miaka mingi. Injini ya Mlima Gelai ilifufuliwa ikatembea tena kwa moto wake mwaka 2001. Fundi aliyekuwa na umri wa miaka 30 mwaka 1980, wakati huo alikuwa na miaka 51, bado na nguvu za kushika spana na kumwelekeza kijana. Leo amekwisha kupita miaka 70. Hesabu hii haihitaji maelezo.

Atatokea wa kuuliza: je, nchi yenye upungufu wa madawati na dawa itawezaje kushughulika na vyuma vya kale? Swali ni la haki. Hatusemi kwamba fedha za umma zikachomwe katika tanuri. Tunachokisema hakina gharama kubwa. Wazee waliofanya kazi katika reli wapo Tabora, Morogoro, Tanga, Kigoma na Moshi. Matawi ya wafanyakazi, shule na maofisa utamaduni wawaendee na vinasa sauti na madaftari, wawaulize majina ya vifaa, desturi za karakana na hata lugha waliyoitumia kazini. Michoro na vitabu vya kazi vilivyomo katika maghala visiuzwe pamoja na karatasi taka. Na dizeli zilizofungua njia baada ya mvuke nazo zinazeeka: tangu mwaka 2024 treni ya umeme inachukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Tukingoja mpaka dizeli ya mwisho ikatwe ndipo tukumbuke, tutakuwa tumerudia kosa lile lile kwa macho makavu.

Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga. Amana si ya aliyeifinyanga peke yake, bali ni dhima ya kila aliyekabidhiwa. Wenzetu wa Wales hawakungoja amri ya serikali, na wala hawakuwa matajiri; walikutana, wakagawana kazi, wakaanza. Wazee wetu wa reli bado wanaketi barazani jioni, na wengi wao hawajaulizwa na mtu. Waulizwe sasa.