Shehena Ikae Wapi? Fizikia ya Kupakia Tela la Matembezi

Katika majimbo ya magharibi ya Marekani, watu wengi wenye nafasi hutumia siku za mapumziko kuendesha pikipiki na magari madogo ya mchangani, kwa mfano kwenye vilima vya mchanga vya Algodones, jimboni California. Vyombo hivyo hupelekwa huko kwa tela la namna ya pekee. Sehemu yake ya mbele ni nyumba ndogo yenye vitanda, jiko na tangi la maji. Ya nyuma ni banda la vyombo, ambalo mlango wake huangushwa ukawa daraja la kupandia. Wenyewe huliita kwa jina lenye maana ya "mbeba vichezeo". Jina hilo lapotosha, kwani kichezeo cha kilo 400 kikiwekwa mahali pasipofaa chaweza kulipindua tela pamoja na gari linalolivuta.

Mvuta mkokoteni wa magurudumu mawili aijua kanuni inayohusika hata kama hakuisoma darasani. Mzigo ukizidi nyuma ya magurudumu, mikono ya mkokoteni huinuka. Ukizidi mbele, humlemea. Tela nalo ni wenzo: ekseli ndiyo egemeo, na mkono wa mbele hukalia tufe la chuma lililofungwa nyuma ya gari. Watengenezaji hushauri kwamba tufe hilo libebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Likizidishiwa, magurudumu ya mbele ya gari huelekea kuinuka, na usukani hupungukiwa na nguvu. Likipunguziwa, tela huyumba.

Tuchukue mfano wa kukokotoa, na kwa urahisi uzito utajwe kwa kilo badala ya nyutoni. Tela tupu lina kilo 3,000. Toka tufe hadi katikati ya ekseli ni meta 5. Tufe limebeba kilo 390, yaani asilimia 13. Sasa gari la mchangani la kilo 400 lapandishwa na dereva wa kilo 80. Linapofika ukingoni mwa sakafu, meta 4 nyuma ya ekseli, hulipunguzia tufe kilo 480 × 4 ÷ 5, yaani 384. Zimesalia kilo 6 tu! Ndiyo sababu tela lisipandishwe chombo kabla halijafungwa barabara kwenye gari, breki ya gari ikiwa imevutwa na magurudumu ya tela yakiwa yamezuiwa kwa kabari.

Chombo kikiachwa meta 2 nyuma ya ekseli, tufe litabeba kilo 230 kati ya 3,400: asilimia 6.8, ambayo haitoshi. Kikisogezwa hadi ukuta wa banda, meta 1 nyuma ya ekseli, zitakuwa kilo 310, asilimia 9.1. Bado. Tangi lililo meta 1.5 mbele ya ekseli likijazwa lita 200 za maji, tufe hubeba kilo 370 kati ya 3,600, na asilimia hufikia 10.3. Msafara waweza kuondoka. Lakini maji hayo hutumika jangwani. Siku ya kurudi tangi ni tupu, na tela lililokwenda kwa utulivu hurudi likiwa chini ya kiwango, ingawa hakuna aliyekigusa chombo bandani. Hesabu ya kwenda, basi, haifai kwa kurudi.

Kwa nini tela liyumbe? Upepo au lori linalopita hulisukuma kando, nalo huzunguka kidogo kwenye tufe. Matairi hupinga mwendo huo wa kando, na kwa kawaida mtikisiko hufifia. Hata hivyo, kadiri mwendo wa barabarani unavyoongezeka, ndivyo uwezo wa matairi wa kufifisha mtikisiko unavyopungua. Kila tela lina mwendo ambao likiuvuka, kila yumbo huwa kubwa kuliko lililotangulia. Na kitovu cha uzito kikisogea nyuma, mwendo huo wa hatari hushuka.

Hapa hapana budi kuonya juu ya ujanja mmoja. Mtu aweza kuacha chombo kizito mkiani, kisha akasawazisha kwa kurundika mizigo puani mwa tela. Tufe litapata asilimia yake, lakini inesha ya mzunguko itakuwa imeongezeka sana, kwani hufuata mraba wa umbali: kilo 100 zilizo meta 4 kutoka kwenye ekseli zina inesha mara 16 ya kilo hizo hizo zikiwa meta 1. Tela la namna hiyo likianza kuyumba, ni kazi kubwa kulituliza. Mizigo mizito yafaa ikae chini, karibu na ekseli.

Breki ya chombo peke yake haikizuii. Gari likipunguza mwendo kwa meta 7 kwa sekunde kwa sekunde, chombo cha kilo 400 huhitaji kani ya nyutoni 2,800 ili kisiende mbele. Kifungwe kwa mikanda pembe zote nne, springi zikiwa zimebanwa kiasi, la sivyo mkanda hulegea kila shimo linapopitwa. Injini isiachwe ikinguruma bandani, kwa sababu ya kaboni monoksidi. Mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa na hutuama sakafuni, hatua chache tu kutoka jikoni.

Tela likianza kuyumba njiani, dereva asikanyage breki ya gari, maana gari hupungua mwendo huku tela likilisukuma kwa nyuma. Aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani bila kuukatakata, na avute kidogo breki za tela peke yake kwa kidhibiti cha mkono. Tela hunyooka likivutwa nyuma. Kisha asimame mahali salama aisogeze shehena.